Jomo Kenyatta Turkana: Mfungwa, Mwalimu wa Kiingereza na Suala la Kilichotangulia

Utangulizi

Jina la Jomo Kenyatta limezoeleka zaidi katika vitabu vya historia na siasa kuliko katika darasa la lugha. Hata hivyo, alikuwa mtu wa lugha kabla hajawa mtu wa dola. Alihariri gazeti la lugha yake ya kwanza, alishiriki katika utafiti wa toni za lugha hiyo mjini London, alihukumiwa katika kesi iliyotegemea wakalimani, na akiwa gerezani Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, alimfundisha mfungwa mwenzake Kiingereza. Baada ya Lokitaung aliishi Lodwar chini ya amri ya kuzuiliwa. Kwa jumla alikaa Turkana takriban miaka minane.

Makala haya yanasimulia maisha hayo sambamba na kipengele kimoja cha sarufi ya Kiingereza kinachowatatiza wanafunzi wa Lodwar na Kakuma, kama kinavyowatatiza wenzao kwingineko Afrika Mashariki. Kipengele hicho ni wakati uliopita hali timilifu, ule unaoundwa kwa kitenzi kisaidizi had. Wengi hukichukulia kuwa pambo la kitabuni, au njia ya kuonyesha kwamba jambo lilitokea zamani sana. Hoja ya makala ni kwamba kazi yake ni nyingine kabisa: kuonyesha ni tukio lipi lilikuwa limekwisha kutokea pale tukio jingine lilipotokea. Katika maisha ya Kenyatta suala hilo la kilichotangulia halikuwa zoezi la darasani, kwa kuwa lilihusu uhuru wa mtu.

Kutoka Ng'enda hadi London

Kenyatta alizaliwa katika miaka ya 1890 huko Ng'enda, eneo la Gatundu, Kiambu. Tarehe kamili haikuandikwa, kama ilivyokuwa kwa watoto wengi wa zama zile. Aliitwa Kamau. Baba yake, Muigai, alifariki Kamau angali mdogo, naye akalelewa na Ngengi, ambaye jina lake aliliandama kwa miaka mingi. Mwaka 1909 alijiunga na shule ya misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto, ambako alifunzwa kusoma, kuandika na useremala. Alibatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone. Katika miaka ya 1920 aliajiriwa na idara ya maji ya Nairobi akiwa karani na msoma mita, kazi iliyompa mshahara mzuri na nafasi ya kuujua mji wote.

Mwaka 1928 alikuwa katibu mkuu wa chama cha KCA, kilichopigania ardhi ya Wakikuyu, na mhariri wa Muigwithania, gazeti lililochapishwa kwa Kikikuyu. Mwaka uliofuata chama kilimtuma London kuwasilisha malalamiko ya ardhi. Alirejea nyumbani mwaka 1930, akaondoka tena mwaka 1931, na safari hii hakurudi hadi mwaka 1946. Kwa muda alisoma Woodbrooke, chuo cha madhehebu ya Quaker jijini Birmingham, akiunoa Kiingereza chake. Alikaa pia Moscow kwa kipindi kifupi.

Katika miaka ya 1930 Kenyatta alifanya kazi katika idara ya fonetiki ya University College London. Hapo alimsaidia Lilias Armstrong, mwanafonetiki aliyekuwa akichunguza sauti na toni za Kikikuyu. Armstrong alifariki mwaka 1937, na kitabu chake kikatoka mwaka 1940. Msomaji makini ataona kwamba sentensi hiyo ina mpangilio wenyewe: kitabu kilipotoka, mwandishi alikuwa amefariki kwa zaidi ya miaka miwili. Katika kipindi hichohicho Kenyatta alisoma anthropolojia chini ya Bronisław Malinowski katika London School of Economics, na mwaka 1938 akachapisha Facing Mount Kenya. Jalada lilibeba jina la Jomo Kenyatta.

Kazi ile ya fonetiki inafaa kukumbukwa na mwanafunzi wa sarufi. Kikikuyu hutofautisha nyakati zilizopita kwa umbali: lililotokea punde, lililotokea jana, na lililotokea zamani huchukua maumbo tofauti ya kitenzi, na toni ina nafasi yake katika kubeba maana. Kiswahili hakina mgawanyo huo. Kiambishi -li- kinatosha kwa jambo la asubuhi ya leo na kwa jambo la karne iliyopita. Kiingereza nacho hakiulizi umbali. Wakati uliopita hali timilifu huuliza utangulizi: kati ya mambo mawili yaliyopita, ni lipi lilitokea kwanza? Saa moja inatosha kulipa tukio haki ya kutumia had, na miaka elfu moja peke yake haitoshi. Mtu aliyezoea kupima zamani kwa umbali hana budi kubadili kipimo anapoingia katika Kiingereza, na Kenyatta aliishi kati ya vipimo hivyo kwa miaka kumi na mitano.

Darasa la Kapenguria

Kenyatta alirejea Kenya Septemba 1946. Alifanya kazi katika chuo cha ualimu cha Githunguri, na Juni 1947 akachaguliwa kuwa rais wa chama cha KAU. Usiku wa Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kumkamata pamoja na viongozi wengine wengi. Watu sita walifikishwa mahakamani Kapenguria: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko. Shtaka lilikuwa kuongoza Mau Mau, jumuiya iliyokuwa imepigwa marufuku. Kesi ilisikilizwa katika darasa la shule, mbele ya Hakimu Ransley Thacker. Mawakili wa utetezi waliongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza.

Lugha ilikuwa tatizo tangu mwanzo. Mashahidi walizungumza Kikikuyu, hakimu akaandika Kiingereza. Mkalimani alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekulia Kabete na kukijua Kikikuyu tangu utotoni. Kukijua hakukutosha. Leakey alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu kuhusu Mau Mau, na alikuwa akishirikiana na serikali. Pritt alilalamikia ukalimani wake mara kadhaa, hata Leakey akajiondoa kesi ikiwa bado inaendelea.

Ni rahisi kudhani kwamba kosa la mkalimani huwa katika msamiati pekee. Nyakati za vitenzi nazo zina hatari yake. Tuchukue sentensi ya kawaida ya mahakamani:

1. The witness said that he had seen the accused.
Shahidi alisema kwamba alimwona mshtakiwa.

Katika usemi wa taarifa Kiingereza hurudisha kitenzi hatua moja nyuma. Shahidi alipokuwa akisema, kuona kulikuwa kumekwisha kutokea, kwa hiyo had inahitajika. Kiswahili hakirudishi: alimwona inabaki vilevile katika usemi halisi na katika usemi wa taarifa, na msikilizaji hutambua utangulizi kutokana na muktadha. Mkalimani anayetafsiri umbo kwa umbo atasema kwa Kiingereza kwamba shahidi alisema na kuona kana kwamba mambo hayo yalikwenda pamoja. Katika mazungumzo ya nyumbani kosa hilo halimdhuru mtu. Mahakamani huweza kumdhuru.

Ushahidi uliokuwa mzito kuliko wote ulitolewa na Rawson Macharia. Alidai kwamba alimwona Kenyatta akisimamia kiapo mnamo Machi 16, 1950. Kenyatta alikana. Lakini hata kama madai yale yangekubaliwa yalivyo, tarehe yake ilikuwa na mgogoro. Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti 1950. Kwa maneno mengine, jumuiya ilipoharamishwa, tendo lililodaiwa lilikuwa limetokea miezi mitano nyuma. Je, mtu aweza kuhesabiwa kosa la kuongoza jumuiya haramu kwa tendo lililotangulia uharamu wenyewe? Mantiki ya swali hilo ni ileile ya wakati uliopita hali timilifu.

Aprili 8, 1953, Thacker aliwahukumu wote sita kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu. Miaka ya baadaye ilifahamika kwamba serikali ilikuwa imemlipa pauni 20,000. Oneko alishinda rufaa yake, lakini hakuachiliwa. Aliendelea kuwekwa kizuizini. Wenzake watano walipelekwa Lokitaung.

Mpishi na mwalimu wa Lokitaung

Lokitaung iko katika nyanda kavu za kaskazini mwa Turkana, karibu na mipaka ya Ethiopia na Sudan ya wakati ule. Serikali iliichagua kwa umbali wake: hapakuwa na mji mkubwa, wala njia ya gari isiyoonekana, wala umati wa kuwashangilia wafungwa. Kwa sababu ya umri wake, Kenyatta hakupewa kazi ya kuvunja mawe. Alifanywa mpishi wa wenzake. Kadiri miaka ilivyopita, uhusiano wake na baadhi ya wafungwa uliharibika, na jiko likawa mahali pake pa upweke.

Mwaka 1954 aliletwa mfungwa mwingine, Waruhiu Itote, aliyejulikana msituni kwa jina la Jenerali China. Itote alikuwa amepigana Burma akiwa askari wa King's African Rifles, kisha akawa kamanda wa wapiganaji wa Mlima Kenya. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, kisha hukumu hiyo ikabadilishwa. Alipofika Lokitaung, Kenyatta alimchukua kama mwanafunzi na kumfundisha Kiingereza. Hapakuwa na ubao wala vitabu vya kutosha. Palikuwa na mzee aliyeishi Uingereza miaka kumi na mitano na kijana aliyetaka kuijua lugha ya waliomhukumu. Mwaka 1967 Itote alichapisha kumbukumbu zake kwa Kiingereza katika kitabu "Mau Mau" General.

Mtu yeyote anayemfundisha Kiingereza mzungumzaji wa Kiswahili au Kikikuyu hukutana mapema na tofauti hii:

2. When the lorry reached Lodwar, the rain stopped.
Lori lilipofika Lodwar, mvua ilikatika.

3. When the lorry reached Lodwar, the rain had stopped.
Lori lilipofika Lodwar, mvua ilikuwa imekatika.

Katika sentensi ya 2 abiria walifika kukinyesha, na mvua ikakatika papo hapo. Katika sentensi ya 3 walikuta ardhi yenye maji na mbingu iliyotakata. Kiswahili huwa na kitenzi kisaidizi kuwa katika wakati uliopita, na kitenzi kikuu chenye -me-. Hadi hapo lugha hizi mbili zinakwenda sambamba, na mwalimu hufurahi.

Furaha hiyo haidumu, kwani muundo wa -likuwa -me- una kazi mbili. Tazama:

4. Alikuwa amevaa shuka la buluu.
She was wearing a blue cloth.

Kwa vitenzi kama kuvaa, kusimama, kulala, kukaa na kuchoka, -me- hueleza mara nyingi hali inayoendelea kuliko tendo lililokwisha. Aliyekuwa amesimama mlangoni yumo mlangoni bado, na Kiingereza chake ni was standing. Mwanafunzi anayebadili kila -likuwa -me- kuwa had atasema kwamba mwanamke aliwahi kulivaa shuka lile wakati fulani kabla, na msikilizaji atauliza alilivua lini. Kwa shahidi anayemtambua mtu kwa mavazi, tofauti hiyo si ndogo.

Kuna mtego mwingine:

5. He left before the guards woke up.
Aliondoka kabla walinzi hawajaamka.

Baada ya kabla Kiswahili hupendelea ukanushi wa -ja-. Kiingereza hutumia uyakinishi. Aidha, neno before limekwisha kuonyesha lipi lilitangulia, kwa hiyo had si ya lazima. Mwingereza huokoa neno pale ambapo maana imejitosheleza, na huliweka pale ambapo bila hilo msikilizaji angepotea. Ndiyo maana si kila zamani huhitaji had.

Lodwar

Aprili 1959 Kenyatta alimaliza kifungo chake Lokitaung, lakini hakurudi Gatundu. Alihamishiwa Lodwar chini ya amri ya kumzuia asitoke eneo hilo. Kwa lugha ya serikali hakuwa mfungwa tena. Kwa hali halisi alikuwa na nyumba ndogo, joto kali kando ya mto Turkwel, na wajibu wa kujionyesha kila mara kwa maofisa wa utawala. Mke wake Ngina aliruhusiwa kuishi naye pamoja na watoto wao, na baada ya miaka sita ya jiko la gereza, hilo lilikuwa badiliko kubwa.

Mwishoni mwa mwaka 1958, Rawson Macharia alikuwa amekula kiapo kingine. Katika hati mpya alisema kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo, na kwamba alikuwa ameahidiwa masomo Uingereza. Serikali haikumshtaki kwa ushahidi wa kwanza; ilimshtaki kwa hati ya pili, na akafungwa. Hukumu ya Kenyatta ikabaki ilivyo. Hali kama hii ndiyo inayoipa had kazi yake ya tatu, ile ya masharti yasiyoweza kutimizwa tena:

6. If the witness had told the truth, the prisoners would have gone home.
Kama shahidi angalisema kweli, wafungwa wangalirudi nyumbani.

Hapa Kiswahili hakitumii -likuwa -me- kabisa. Kinatumia -ngali- katika vishazi vyote viwili. Kiingereza kinarudi nyuma hatua moja ili kuonyesha kwamba mlango umefungwa: jambo halikutokea, na haliwezi tena kutokea. Mwanafunzi anayeandika had katika vishazi vyote viwili amesahau kwamba kishazi cha pili cha Kiingereza kina would have.

Nje ya Lodwar mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1960 chama cha KANU kiliundwa na kumchagua Kenyatta kuwa rais wake akiwa hayupo, lakini serikali ilikataa kukisajili chini ya jina lake, na James Gichuru akashika nafasi hiyo. Gavana Patrick Renison alitangaza hadharani kwamba hangemwachilia, akimsawiri kama kiongozi wa maangamizi. Februari 1961 KANU ilishinda uchaguzi kwa viti vingi kuliko KADU, kisha ikakataa kuunda serikali Kenyatta akiwa bado amezuiliwa.

7. The party had won the election, but its leader had not been released.
Chama kilikuwa kimeshinda uchaguzi, lakini kiongozi wake alikuwa hajaachiliwa.

Sentensi hiyo inaonyesha jinsi Kiswahili kinavyoweza kukizidi Kiingereza kwa uwazi. Kiambishi -ja- hubeba tarajio: alikuwa hajaachiliwa, lakini aliyesema anategemea kwamba ataachiliwa. Kiingereza hulazimika kuongeza yet ili kufika hapo. Machi 1961 viongozi wa KANU na KADU walisafiri kwa ndege hadi Lodwar kuonana naye. Mahasimu wa uchaguzi walikutana katika mji wa jangwani kwa sababu mtu mmoja alikuwa amezuiwa asitoke. Mapema Aprili alihamishiwa Maralal, na Agosti 14, 1961, akarejea Gatundu. Mwana wake Uhuru alipozaliwa mwezi Oktoba mwaka uleule, baba alikuwa ameachiliwa kwa miezi miwili. Mwana huyo naye alikuja kuwa rais wa Kenya kuanzia mwaka 2013 hadi 2022.

Aliyewahi kufungwa

Kenyatta aliapishwa kuwa Waziri Mkuu Juni 1, 1963. Kenya ilipata uhuru Desemba 12 mwaka huo, na mwaka mmoja baadaye akawa Rais wa Jamhuri. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, mwaka 1974 una uzito wake, kwani ndipo alipoamuru Kiswahili kitumike katika Bunge la Taifa. Wabunge waliozoea kujieleza kwa Kiingereza walilazimika kutafuta istilahi, na baadhi yao wakanyamaza. Kiingereza kilirudishwa bungeni mwaka 1979, baada ya kifo chake. Katiba ya mwaka 2010 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Wasifu wa haki hauwezi kuishia hapo. Mwaka 1969 serikali yake ilimweka kizuizini Achieng' Oneko, mwenzake wa Kapenguria, na hakuachiliwa hadi mwaka 1975. Bildad Kaggia, aliyekuwa naye Lokitaung, alitengana naye kuhusu ardhi ya maskini, akajiunga na upinzani, na mwaka 1968 akafungwa tena. Mwishoni mwa mwaka 1977 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini baada ya tamthilia ya Kikikuyu kuigizwa Kamirithu. Aliachiliwa Desemba 1978, Kenyatta akiwa amekwisha kufariki mjini Mombasa Agosti 22 mwaka huo.

Mambo haya yakipangwa kwa -li- tupu, yanakuwa orodha: Kenyatta alifungwa, Kenyatta alitawala, Kenyatta alifunga. Yakipangwa kwa utangulizi, yanakuwa hoja. Alipotia sahihi amri za kuwazuia wengine, yeye mwenyewe alikuwa ameishi Lodwar chini ya amri ya namna hiyo. Alipokuwa rais wa nchi iliyomfunga mwandishi wa Kikikuyu, alikuwa amewahi kuhariri gazeti la Kikikuyu. Sarufi haimhukumu mtu, lakini humzuia msimulizi asifiche kilichotangulia.

Barabara ya Kakuma

Kutoka Lodwar barabara inaelekea kaskazini-magharibi hadi Kakuma, kisha Lokichogio na mpaka wa Sudan Kusini. Kenyatta alikuwa amefariki kwa miaka 14 kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, ikiwapokea kwanza vijana waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye wamefika watu kutoka Somalia, Ethiopia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na kwingineko. Katika madarasa yake, yanayofuata mtaala wa Kenya, mtoto wa Kiturkana, Kidinka au Kisomali, na yule wa Kivu aliyekuja na Kiswahili chake cha Kongo, husoma Kiingereza kimoja.

Kwa wengi wao wakati uliopita hali timilifu si alama za mtihani tu. Mtu anayeomba kutambuliwa kuwa mkimbizi huhojiwa, mara nyingi kupitia mkalimani, na maelezo yake hupimwa kwa mfuatano: kijiji kilikuwa kimeshambuliwa alipoondoka, au kilishambuliwa baadaye? Mume alikuwa amekamatwa tayari, au alikamatwa familia ilipokuwa njiani? Mkanganyiko wa had unaweza kumfanya msema kweli aonekane mwongo. Chumba cha mahojiano cha Kakuma na darasa lile la Kapenguria vinakaribiana zaidi ya inavyodhaniwa.

Kutokana na hayo, mwalimu wa Lodwar au Kakuma hana sababu ya kuanza somo hili kwa kanuni ya kukariri. Inafaa aanze na matukio mawili na swali moja: lipi lilitangulia? Kisha aonyeshe kwamba tukio moja peke yake halihitaji had. Kosa la kawaida la wanafunzi ni kuliweka neno hilo kwenye kila jambo la zamani, wakaandika Kenyatta had died in 1978, kana kwamba zamani yenyewe inatosha. Sentensi sahihi ni Kenyatta died in 1978. Had ingestahili kama kungekuwa na tukio la pili la kupimia, mathalani kufunguliwa kwa kambi mwaka 1992. Baada ya hapo mwalimu aonyeshe pale Kiswahili kinapotengana na Kiingereza: katika -me- ya hali, katika kabla yenye -ja-, katika usemi wa taarifa, na katika -ngali-.

Hitimisho

Maisha ya Jomo Kenyatta yalipita katika lugha tatu, na katika kila moja alikutana na njia tofauti ya kupanga yaliyopita. Kikikuyu kilimpa umbali, Kiswahili kikampa hali na tarajio, Kiingereza kikampa utangulizi. Miaka yake minane Turkana ilitokana na kesi ambayo ndani yake tarehe ya tendo na tarehe ya sheria hazikupewa uzito uliostahili. Akiwa hukohuko Turkana alimpa kijana mmoja lugha ambayo baadaye aliitumia kuieleza dunia upande wake wa vita. Wanafunzi wanaosoma leo Lodwar na Kakuma wanarithi mambo hayo mawili kwa pamoja: mfano wa hasara ipatikanayo pale mpangilio wa matukio unapopuuzwa, na mfano wa somo la Kiingereza lililoanzia jikoni mwa gereza na kuzaa kitabu.